Mishale Inakwenda Kushoto

Jumapili, 2 Februari

Maji kwanza, kanisa baadaye, halafu upinde. Ndiyo Jumapili yetu siku hizi. Baba Wakesho amefunga upote wa upinde mwenyewe leo, vidole havikutetemeka sana. Walipomtoa ule uvimbe kichwani mwaka jana, dada wa mazoezi pale kliniki alimwambia atafute kazi ya mikono yote miwili. Nafikiri alitegemea atasuka kikapu. Mume wangu akashusha darini upinde wa marehemu baba yake.

Tunalenga gunia la nyasi kavu lenye duara la mkaa, mbele ya banda la mbuzi. Nami napiga. Jirani anasema mwanamke kushika upinde ni mkosi. Aseme. Mshale ukizama kwenye gunia nasikia raha ambayo sikuwahi kuijua, na umri wangu huu. Leo nimemshinda. Akadai nimetumia dawa za kwetu Chawia. Kukaa mwaka mzima bila kutaniwa na huyu mtu kulinichosha kuliko hospitali.

Jumatano, 5 Februari

Mishale yake imekwenda kushoto. Si mmoja. Yote. Amecheka, akasema ni upepo. Hakukuwa na upepo wa kutikisa hata jani.

Mwaka jana ilianza hivihivi. Alikuwa akimimina chai nje ya kikombe, upande wa kushoto, nasi tukamcheka. Baadaye akaanguka sokoni Voi mbele ya watu.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Ijumaa, 7 Februari

Kushoto tena. Ameketi kwenye kigoda akaitazama mikono yake. Kliniki ni mwisho wa mwezi. Ningesema twende mapema. Sikusema. Ukienda mapema utaambiwa mapema.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefanya ujinga. Alipokuwa anaoga nimelisogeza gunia kushoto, kama shubiri hivi. Jioni amepiga, mishale miwili ikaingia. Akala kimanga cha muhogo na maharagwe, akaongeza. Sijutii hata kidogo.

Alhamisi, 13 Februari

Nimelisogeza tena. Inabidi, maana mishale nayo haisimami. Kila siku kidogo, asijue. Anapiga, mshale unaingia, napiga makofi. Yeye anaona ushindi. Mimi naona gunia lilipokuwa jana na lilipo leo.

Wakesho amepiga simu kutoka Mombasa kumuulizia baba yake. Nimemwambia anapiga shabaha kama askari. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama yangu hakuchoka kusema. Na mimi naficha ya mtu mwingine, mwenye mwili wake hajui.

Jumamosi, 15 Februari

Amekataa kupiga. Eti bega. Siku nzima sijamwona akiligusa hilo bega. Alisimama pale tunaposimamia, bila upinde, akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili, akalitazama banda kwa muda mrefu. Nilikuwa jikoni. Nikarudi nyuma ya mlango asinione, kama mwizi.

Jumanne, 18 Februari

Shemeji Mwakio amekuja kutoka Wusi. Huyu mdogo wake Baba Wakesho haji bila sherehe au matanga. Leo ameitwa. Wamezunguka shamba wawili, mume wangu akimwonyesha mipaka: mgomba huu, jiwe lile, mpaka kule kwenye mfereji. Nilikuwa nachambua kunde, nikaziacha. Mtu haamki tu akamwonyesha ndugu yake mipaka.

Shemeji ameaga bila kunitazama usoni. Chai yake ameiacha nusu.

Basi anajua. Mwili umemwambia kabla yangu. Nimekosa hamu ya kula, kazini shuleni nimewafokea watoto wa watu bila sababu.

Alhamisi, 20 Februari

Nimesema. Sikuwa nimepanga.

Alikuwa anakwangua ufito wa mshale. Akaanza kuniambia polepole, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa: "Mama Wakesho, usishtuke. Macho yangu yanaharibika. Lile gunia lilikuwa limekaa sawasawa na nguzo ya katikati ya banda. Sasa naliona limetoka kwenye nguzo, na kila siku linatoka zaidi. Kile kitu kimerudi."

Nikaketi chini kwenye vumbi na gauni la kazini. Nikamwambia ni mimi. Ni mimi ninayelihamisha.

Alinitazama. Nilidhani atanipiga, na hajawahi kuniinulia mkono maisha yetu yote. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, kwa sababu mishale inakwenda kushoto. Akasema taratibu, kumbe kushoto ni kweli.

Hapo ndipo nikaelewa nilichomfanyia. Nilimficha ugonjwa alio nao nikampa mwingine asio nao. Wiki nzima yeye anaogopa gunia, mimi naogopa mishale, na tunakula sahani moja. Alikuwa ameshagawa shamba kwa sababu ya mkono wangu.

Tumelia wote wawili. Hatungoji mwisho wa mwezi. Kesho tunashuka Voi.

Ijumaa, 21 Februari

Daktari amemwambia afuate kidole kwa macho. Kidole kikienda kushoto, anakipoteza. Nimeona mwenyewe. Daktari hakusema kitu, ameandika tu twende Mombasa kupigwa picha ya kichwa. Heri daktari anayekugombeza kuliko anayenyamaza. Kwenye benchi nilikuwa nimeshika shati lake kwa nyuma, watu wakinitazama. Watazame.

Jumanne, 25 Februari

Mombasa, kwa Wakesho. Joto. Picha imepigwa, majibu bado. Baba Wakesho anacheza na mjukuu kana kwamba amekuja likizo. Nikimtazama sana ananiambia nitafute kazi.

Siwezi kusali. Naanza Baba Yetu vizuri, nikifika kwenye mapenzi yako yatimizwe nakwama. Sitaki yake. Nataka yangu. Mungu anisamehe, lakini huo ndio ukweli.

Alhamisi, 27 Februari

Uvimbe haujarudi.

Daktari alirudia maana nilikuwa namkodolea macho tu. Ni kovu la upasuaji, limegusa mahali pa kuonea. Upande wa kushoto ameupoteza kiasi, na kilichopotea hakirudi. Huenda kikaishia hapo. Huenda kikaongezeka. Watakuwa wakimpiga picha. Pikipiki asiendeshe tena. Ajifunze kugeuza kichwa.

Nilitaka kumbusu daktari na nilitaka kumtukana. Ile huenda ya pili nimerudi nayo nyumbani. Baba Wakesho amempigia Mwakio, akamwambia ile mipaka aisahau kwanza. Nimemsikia akicheka. Mimi sijacheka.

Jumapili, 2 Machi

Maji yametoka leo, nimejaza kila kitu. Baada ya kanisa amelirudisha gunia mwenyewe mbele ya nguzo ya katikati, akahakikisha kwa kupapasa nguzo kwa mkono. Nilikaa pembeni. Sikugusa kitu.

Mshale wa kwanza ulipita ukajikita kwenye udongo wa banda. Akauliza wapi. Ulimi wangu ulitaka kusema karibu. Nikamwambia kushoto, mkono mzima. Akageuza kichwa kama alivyofundishwa, akavuta tena. Wapi? Kushoto, shubiri. Akavuta tena. Tuliendelea hivyo mpaka jua likajificha nyuma ya milima, yeye akiuliza, mimi nikijibu. Hakupata hata mmoja. Alikasirika kidogo, halafu akanipa upinde.

Bado naogopa. Naye anaogopa, ameniambia mwenyewe. Tumekwenda kuokota mishale pamoja, mimi nikitembea upande wake wa kushoto.