Mwaka Mzima Nimepima Hewa

Kiganjo, Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi bado nimeduwaa.

Sijui nianzie wapi. Mwaka mzima nimejigamba kwa kitu ambacho hakikuwepo.

Ninatunza maktaba ya msimbo ambayo waandishi wa programu huitumia kuhifadhi data katika umbo la mti. Mti wetu haubadilishwi: ukiongeza kitu unapata mti mpya, na ule wa zamani unabaki ulivyo. Njoki, rafiki yangu wa Kamenu, aliandika njia yake ya kutafuta kitu ndani ya mti huo, na mimi nikaandika yangu. Nikazipima kasi. Yangu ilimaliza kabla hujapepesa jicho. Kwenye mkutano wetu wa waandishi wa programu kule Ruiru nikasema mbele ya wote kwamba ya Njoki inajikokota, na watu wakacheka. Tangu siku hiyo hajarudi.

Leo nimeongeza data mara kumi. Muda wangu haukusogea hata kidogo, ilhali data zaidi hudai muda zaidi.

Nikadhani kompyuta imeharibika. Nikarudia, ikawa vile vile. Mwishowe nikafungua kile ambacho kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hutoa baada ya kusoma msimbo wangu, nikaitafuta njia yangu, na haikuwemo. Nguo zilinyeshewa kwenye kamba nikiziangalia tu.

Ni mimi niliyeiagiza kompaila iinakili njia yangu moja kwa moja pale inapoitwa, ili iende kasi. Ikainakili, ikaona jibu lake halitumiki popote katika jaribio langu, ikafuta kazi yote. Ya Njoki hujiita yenyewe tena na tena, kwa hiyo kompaila haikuinakili wala kuifuta. Ilitafuta kweli, kila mara, na mimi nikaiita mvivu.

Nimerekebisha jaribio lichapishe jibu. Ya Njoki imeshinda.

Masikio yananiwaka kwa aibu. Sikujiuliza hata swali moja, kwa sababu matokeo yalinipendeza.

Nimemwandikia kila kitu na kumwomba msamaha. Amejibu kwa mstari mmoja: "Sawa, nimeona. Lakini ile siku uliongea mbele ya watu, mbona hii unaniambia mimi peke yangu?"

Nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma msimbo wake.

Jumamosi nitasimama mkutanoni Ruiru mbele ya wale wale waliocheka, na jina lake nitalitaja kwanza. Aje, asije.