Wasomaji Kumi na Mmoja

Butembo, juillet 2014

Yaya Luc,

Tuko bazima, maharagi ya Mama ilishakomaa. Uliniandikia nifunge site ya internet ya batu balipotea Kamango, Papa wetu ndani, eti hakuna mutu anaisoma. Donc sikia. Programu ya kuhesabu basomaji, bale baliitengeneza balishaiacha. Mupya ya kwanza ilitaka kutuma Ulaya alama za basomaji, nani anasoma na wapi; nilikatala, juu hapa, bakijua unasoma majina ile, banaweza kukuua. Nilichagua yenye inabakia kwa serveur yetu, ordinateur yetu ya hapa. Ya zamani ilihesabu hata mashini zenye zinapitia site peke yazo: basomaji elfu ine. Hii inasema kumi na moja, na muji ya kila mumoja, mais ni batu kweli. Mumoja, wa Kampala, anafungua page ya Papa kila dimanche nyuma ya misa.

Kampala tuko na weye tu. Hapana, sitafunga. Nikifunga, yaya, dimanche utafungua nini?

Mudogo wako,
Kavuo