Siku Motokari Yako Ilipochemka Njia ya Hospitali

Yaya Kalala, kaka yangu mpendwa,

Papa wetu tumemzika Jumamosi. Nimeona ulijue hilo kwanza, kabla ya maneno mengine. Sijui uko wapi. Dereva mmoja wa lori aliniambia alikuona Mitwaba, ukitengeneza mashine za kusaga. Mwingine akasema ulishavuka kwenda Zambia. Ndiyo maana barua hii naituma bila kuifunga. Yeyote anayekufahamu, akusomee.

Unakumbuka jinsi ulivyoitunza ile motokari? Uliinunua kuukuu kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ukaifanya teksi. Kwenye barabara ya Likasi ilikwenda bila shida, upepo ukiipiga mbele. Lakini hapa mtaani kwetu Kenya, karibu na soko, magari yaliposimama na kungojana, mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye alama nyekundu. Hukupuuza. Uliipeleka kwa fundi wa mtaa wa Kamalondo. Akasema ni termosta, akaitoa. Ikaendelea kuchemka. Akasema ni radieta imeziba, akaiosha. Ikaendelea. Mama alikuwa anakucheka: "Motokari yako iko sawa vile miye. Ikisimama kidogo, inakasirika."

Siku ile pumu ilimbana Mama tangu asubuhi. Papa alikuwa kazini, kwenye kiwanda cha shaba. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, madirisha wazi. Tulipokaribia mjini tukakuta njia imefungwa. Mkubwa mmoja wa Chama tawala alikuwa anatoka uwanja wa ndege, na wanafunzi walikuwa wamepangwa pembeni na bendera zao. Magari yalijaa mbele yetu na nyuma yetu. Hapakuwa na pa kugeuzia.

Ulitaka kuzima injini. Askari akapiga bati la mlango kwa kiganja.

"Usizime motere. Njia ikifunguka, mutatoka mbio bote."

"Chef, niko na mugonjwa. Na motere inapata moto."

"Mugonjwa iko na mikono? Basi apige makofi."

Akaendelea na gari lililofuata. Ulibaki umeshika usukani, ukitazama mshale. Mimi nilikuwa nampepea Mama kwa kitenge changu. Alitaka kusema kitu, lakini pumzi haikutosha kusema na kuvuta hewa kwa pamoja, akachagua kuvuta hewa. Kisha nikaona mvuke unatoka chini ya boneti.

Msafara ulipopita, njia ikafunguliwa, na sisi ndio tuliobaki katikati. Magari yalitupita yakipiga honi. Ulifungua kifuniko cha radieta kwa shati lako, maji yakaruka yakakuunguza mkono mpaka kwenye kiwiko. Hukulia. Ulijua kwamba ukimwaga maji baridi papo hapo kichwa cha injini kitapasuka, kwa hiyo ukakimbia barabarani kusimamisha magari kwa mkono ule ulioungua. Mwishowe alisimama mtu wa pikapu aliyebeba magunia ya makaa. Tulimpandisha Mama juu ya magunia. Alikata roho kabla hatujafika kwenye lango la hospitali, na uso wake ulikuwa na vumbi jeusi, nikaufuta kwa mate yangu.

Kwenye kilio, mbele ya watu wote, Papa alikunyooshea kidole. "Motokari yako njo imeua mama yenu."

Baada ya maziko ulifungua boneti uani, ukawasha injini na kuiacha inanguruma bila kwenda popote, nawe umekaa juu ya ndoo unaitazama, mkono ukiwa umefungwa bandeji. Niliogopa kwamba umepata wazimu. Injini ilipopata moto uliniita. "Angalia feni. Iko inazunguka pole pole tu." Ukagusa bawa lake kwa kitambaa, likasimama bila nguvu. Ukanieleza kwamba feni ya motokari ile hushikwa na sumaku injini inapopata joto, na kwamba kuna kifaa kidogo kwenye radieta kinachoipa habari. Ulichukua waya, ukaunganisha feni moja kwa moja na betri. Ikalia *tak*, ikashika, upepo ukanipiga usoni. Sumaku ilikuwa nzima. Kile kifaa ndicho kilichokufa. Njiani upepo wa mwendo ulifanya kazi ya feni. Tukisimama, hapakuwa na kitu cha kuipoza.

Kifaa kipya hakikupatikana katika duka lolote. Ukaifunga feni na puli yake kwa bolti, izunguke wakati wote. Ukaenda kusimama kwa makusudi kwenye msongamano wa soko, mshale ukatulia katikati. Ukarudi kumwita Papa.

"Papa, kuya uone. Sasa iko muzima."

"Iko muzima juu ya kubeba nani?"

Ulimwachia ufunguo mezani, ukaondoka. Papa hakuigusa motokari ile. Ilioza pale uani.

Nimefikiri sana kwa nini alisema vile. Papa aliishi katika nyumba ya kampuni. Asubuhi, kabla ya kushika kazi, walimwimbisha na kumchezesha kwa ajili ya Chama, mzee mzima na goti lake bovu. Nani siku zile angethubutu kumtaja yule askari? Hasira ilikuwa inamchoma, na mtu pekee ambaye Papa angeweza kumtupia bila kukamatwa alikuwa mwanawe.

Mwezi huu nilikaa karibu na kitanda chake nikingoja alirudishe neno lile. Nilimuuliza waziwazi, "Papa, Kalala nimuambie nini?" Aligeukia ukuta. Kisha akaomba maji. Amekwenda na neno lile kaburini.

Kwa hiyo nakuambia mimi, niliyekuwa ndani ya motokari: haina weye, Yaya, si wewe uliyemuua Mama. Nilisikia nani alisema usizime, na nilisikia ukimwomba. Mama naye alisikia. Sasa nimebaki peke yangu ninayejua, na mimi nami kifua kimeanza kunibana kama kilivyombana yeye. Nikienda kabla hujasikia, hakuna mwingine wa kukuambia.

Kaa vizuri huko uliko. Kama umepata watoto, waambie wana shangazi Lubumbashi.

Mimi, mdogo wako wa kike