Kwa Baba Mkwe Niliyemjua kwa Kikohozi

Kwa baba wa mume wangu, ambaye jina lake silitaji hata leo,

Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuzungumza nawe. Nilikuwa mkaza mwana wako kwa miaka kumi na tisa, tukichota maji kijito kimoja na kula ndizi za shamba moja, na sikuwahi kukuamkia hata mara moja. Unajua vizuri kwamba hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Kwetu Unyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe usoni, hasemi naye, hataji jina lake, wala hakai naye chini ya paa moja. Sasa nakaribia miaka tisini na meno yangu ni ya kuhesabu. Nimekaa nikafikiri, nikaona kwamba mdomo ndio uliokatazwa. Kalamu hakuna aliyeikataza.

Aliyenichokoza ni kitukuu chako. Kanisa lake linampeleka nchi ya mbali kuhubiri kwa miaka miwili, yeye na mwenzake, mashati meupe na tai, na hawaruhusiwi kurudi nyumbani mpaka muda uishe. Alikuja kuniaga hapa Mbeya, akaanza kupekua sanduku langu la bati kama ilivyo kawaida yake, akaikuta picha yako. Naiweka kifudifudi, chini ya kanga. Akaniuliza babu huyu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamjibu kwamba sura yake siijui, sijawahi kumwona. Kijana alicheka mpaka akakaa chini, akadhani uzee umenipanda kichwani.

Basi ngoja niwaambie wote, wewe na yeye na mwingine yeyote atakayesoma, maana ninajivunia jambo hili na sitaki kufa nalo.

Nilikujua kwa masikio. Ulikuwa ukifika kwenye kona ya migomba unakohoa mara moja, kikohozi kikavu cha kusudi, nami nikisikia tu najitupia kanga kichwani na kuingia kwenye majani mpaka upite. Wakwe wengine walikuwa wanapita tu, mkaza mwana ajijue mwenyewe. Wewe ulikohoa mapema, ukanipa nafasi ya kutua mtungi kwanza. Katika miaka yote ile sikuvunja hata mtungi mmoja kwa kukukimbia, na wenzangu kijitoni walinionea wivu.

Ndipo akaja Mwalimu. Unamkumbuka alivyoshuka kwenye lori, mwembamba, miaka ishirini haijatimia, ametoka Kilolo huko Uheheni na kiatu kimoja kimefunguka mdomo. Misheni yao ilikuwa inawatuma vijana wawili wawili kwenda ugenini kwa miaka miwili. Mwenzake alishikwa na homa njiani, wakamshusha Chimala, na alipopona akapelekwa Ubaruku. Kwa hiyo wetu alifika peke yake, hajui neno moja la Kinyakyusa. Alimsalimia mama mkwe "kamwene", salamu ya kwao Uheheni, akashangaa kuona watoto wanaanguka kwa kicheko.

Ulimpa ile nyumba ya vijana iliyokuwa wazi na kiwanja cha kujenga kanisa la mianzi na udongo. Mama mkwe na mimi tukampikia kwa zamu, ndiyo maana maisha yake nayajua. Aliamka alfajiri, akafagia uwanja mwenyewe, akaenda kuchota maji mwenyewe, na wanawake wakauliza huyu mwanamume hana dada? Kisha aligonga ringi ya lori iliyoning'inia kwenye mti, hiyo ndiyo kengele. Asubuhi alifundisha kusoma, na mchana alizunguka vijijini na viatu vyake begani, maana tope letu lilikuwa limekwisha kuvila nusu. Alianguka mara nyingi kuliko alivyohubiri. Jumamosi alifua shati lake moja la maana, akakaa kifua wazi akingoja likauke, na kwa mvua ya kwetu wewe unajua alingoja mpaka lini.

Chakula ndicho kilimtesa. Nilimpelekea mbalaga, ndizi zilizopikwa vizuri na maharage, akala zote kwa adabu, halafu akaniuliza kwa upole ugali unakuja saa ngapi. Barua za mwenzake wa Ubaruku alitusomea kwa sauti. Mwenzake alilalamika kwamba anakula wali kila siku na mbu wanamla yeye, na anamwonea wivu aliye kwenye baridi. Mwalimu alikunja barua akasema wajinga wawili, kila mmoja anatamani shida ya mwenzake. Lakini niliwahi kumkuta nyuma ya nyumba amekaa na barua ya mama yake, macho mekundu. Nikaweka sahani chini nikaondoka kimya. Nilijua ugeni ule, kwa sababu hata mimi niliolewa mbali na kwetu.

Tena mimi nilikuwa na barua zangu. Mwanao alikuwa kwenye migodi ya shaba, Rodesia ya Kaskazini, na alikuwa ananiandikia. Msomaji wangu alikuwa mwenye duka pale sokoni, mtu wa pwani, moyo mwema na sauti kubwa. Alisoma kila kitu mbele ya wateja. Soko zima lilijua kwamba mwanao anaota miguu yangu. Nilikuwa nachukua barua yangu kwa aibu, naibana kifuani, na nikifika nyumbani naitazama ile mistari kama kuku anavyotazama shilingi. Nilitaka kusoma, baba. Katika ujana wangu hakuna kitu nilichokitaka kuliko hicho.

Lakini wewe ulikuwa mwanafunzi wa kwanza wa Mwalimu. Wewe ukiwa ndani, mimi siwezi kuingia. Nilikuwa nasimama mbali kwenye migomba, nasikia a, e, i, o, u zinakuja na upepo na kuondoka.

Mwalimu aliniona, asielewe. Kwao Kilolo mkaza mwana mwema hupiga magoti akamwamkia baba mkwe, na anayejificha huonekana ana kiburi. Akafikiri kuna ugomvi kati yetu, akaamua atupatanishe. Asubuhi moja nilipompelekea ndizi mapema, kabla ringi haijagongwa, akanipokea mlangoni mwa kanisa akitabasamu.

"Ingia dada, umsalimie baba mkwe wako. Usiogope, nimemwita mimi mwenyewe."

Alikuwa amekuita kwa njia ya nyuma, hakukwambia kwa nini, nawe hukukohoa kwa sababu hukujua. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvuka kizingiti. Niliona miguu yako. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na kovu la jembe. Hicho tu ndicho nilichokiona katika mwili wako maisha yangu yote, na ukucha wake ninaukumbuka. Nilidondosha ndizi nikakimbia, nikasikia nyuma yangu kishindo chako ukigeukia ukuta. Nilijifungia siku nzima, nikalia kwa aibu mpaka kichwa kikauma.

Kesho yake ringi ililia na hakuna aliyekwenda. Wiki nzima Mwalimu aligonga, akafungua daftari lake, akafundisha mabenchi. Wazee walisema Mhehe arudishwe kwao kabla hajavunja nyumba za watu. Kiwanja kilikuwa chako. Neno moja kutoka kwako, naye angerudi kwenye lori, na tumaini langu la kusoma lingekwenda naye.

Alikuja kwako akapiga magoti, akasema kosa ni lake, dada hakujua kitu. Hayo nilisimuliwa na mama mkwe tukichambua maharage jikoni. Alisema ulimuuliza huyo binti alikuwa anatafuta nini kule kanisani siku zote. Mwalimu akakwambia aliyoyasikia sokoni, kuhusu barua na sauti ya mwenye duka. Mama mkwe akaacha kuchambua, akaniambia maneno yako kama yalivyo:

"Baba yenu kasema hivi. Huyo kijana asiondoke. Binti akae ndani asome. Yeye atasikilizia nje, sikio halihitaji mlango."

Nilimwambia mama mkwe haiwezekani, wewe ni mkubwa na kiwanja ni chako. Akaniambia ninyamaze nichambue.

Basi ukaenda nyuma ya kanisa na panga lako, ukakwangua udongo upana wa kiganja mpaka mianzi ikaonekana, sauti ipate pa kupita. Ukaweka gogo, ukakaa umeupa ukuta mgongo. Ukifika ulikohoa mara moja, watu wakajua umekaa, na Mwalimu akaanza. Ukiondoka ulikohoa tena, nami nikabaki ndani mpaka nyayo zipotee. Watu walipoona hivyo walirudi mmoja mmoja, kwa sababu kama wewe hukukasirika, nani mwingine angethubutu? Mvua ikinyesha ulijifunika jani la mgomba. Tulisikia matone yanavyolipiga jani lile, na Mwalimu alisoma kwa sauti kubwa zaidi. Siku moja alitaka akuezekee paa dogo, ukakataa, ukasema paa likiungana na la kanisa tutakuwa tumelala nyumba moja. Nilicheka moyoni. Ulikuwa na maneno wewe.

Kwa masika mawili ulikaa pale. Kusoma hukujifunza, maana herufi zilikuwa ubaoni na ubao ulikuwa ndani. Hilo nililitambua baadaye sana, na lilinikalisha chini. Nafasi ya kusoma ilikuwa moja, ukanipa mimi.

Mwisho akaja mchungaji mkubwa wa misheni na pikipiki, kutupima kabla ya ubatizo. Mwalimu aliita majina kutoka kwenye daftari. Alipoita la kwako, ukakohoa huko nje. Mchungaji akauliza huyo ni nani, akaelezwa, akatikisa kichwa. Alisema darasa ni la walio ndani.

Mwalimu alikuwa mtu wa haya, mbele ya wakubwa alizoea kutazama chini. Siku hiyo alifunga daftari lake, akasema:

"Mchungaji, mimi mwenyewe nimekosa siku tatu kwa homa. Huyu hajakosa hata moja. Kama yeye hayumo, basi mimi sijafundisha mtu hapa."

Mchungaji akamtazama, akainuka, akasogea ukutani, akainama kwenye ule upana wa kiganja na kukuuliza maswali. Uliyajibu yote. Ndiyo siku niliyokusikia ukisema maneno mengi kuliko siku zote, na sauti yako ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani. Halafu akakuuliza jirani yako ni nani. Kwenye somo tulifundishwa jibu refu. Wewe ulisema tu, "Ni yule ninayempisha njia."

Mchungaji hakuuliza lingine. Aligeuka akasema sasa asimame mmoja asome, na Mwalimu akanitazama mimi. Nikasimama na kitabu. Nilijua uko nyuma ya ukuta, na nikasema huyu mzee aliyelowa masika mawili hatasikia nikikwama. Nikasoma ukurasa mzima. Sikuruka neno.

Nilifunga kitabu. Kisha ukakohoa. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kikohozi chako maana yake nini, ondokeni ninapita. Hukupita. Uliendelea kukaa kwenye gogo lako, na Mwalimu akainamisha uso ndani ya daftari asionekane anavyolia.

Ulibatizwa asubuhi, mimi nikabatizwa jioni, kijito kilekile. Miaka miwili ya Mwalimu ilipoisha aliondoka anaongea Kinyakyusa cha kutukana nacho, amebeba mkungu wa ndizi kumpelekea mama yake. Lori lilipowaka alituambia "ndaga fijo", asanteni sana, mara tatu. Mchungaji alikuwa amewapiga picha wewe na Mwalimu siku ya mtihani, na Mwalimu aliituma kwa mama mkwe kutoka Kilolo. Mama mkwe alipokufa ikaja kwangu. Na barua iliyofuata ya mwanao niliisoma mwenyewe, mlango umefungwa. Yaliyokuwamo hayakuhusu.

Nilimsimulia kitukuu chako haya yote nikimpigia pasi shati. Aliacha kucheka. Alinishikia ile picha, akaniambia Bibi, mila zile zimekwisha, geuza tu umwone, hakuna atakayekusema. Ni kweli hakuna. Lakini wewe ulinipisha kwa mvua na kwa jua, ukiwa mkubwa wangu, na mimi nikuchungulie kwenye karatasi wakati huwezi kukohoa? Nikamwambia anisomee nyuma yake, halafu nikampokonya nikasoma mwenyewe. Mwandiko wa Mwalimu umefifia lakini unasomeka: Mwanafunzi wangu wa kwanza, wa nje.

Kijana ameondoka jana na shati lake. Nimemwambia akifika kwa watu aulize kwanza nani anampisha nani. Mengine atajifunza kwa kuanguka, kama wenzake.

Nakushukuru, baba. Najivunia kwamba niliolewa kwako, na kwamba kila herufi ya barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, nawe unajua ilinunuliwa kwa bei gani. Sina muda mrefu nitakuja huko uliko, na njia za huko sizijui. Usipate taabu ya kujificha wala kuhama gogo lako. Nikikaribia kwenye kona, safari hii nitakohoa mimi.

Mimi,
mke wa mwanao