Simu za Jumapili

Kwako mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Mimi bibi yako ni mzima, ila goti linanisumbua. Kuku mweusi ametotoa, na jirani bado anatumia ngazi yangu kama ya baba yake.

Uliwahi kunieleza kazi yako: kuna programu inayozungukia seva zenu zote, hizo kompyuta zenu kubwa, ikirudisha sawa kilichokaa vibaya. Mkitaka kutengeneza kitu kwa mkono mnaisimamisha kwa muda, na mnaandika sababu. Ukasema, "Bibi, kosa ni kusahau kuiwasha tena. Seva zinaharibika polepole, na hakuna anayejua."

Tulipomzika mama yako ukaniambia, "Bibi, simu za Jumapili nizisimamishe kidogo, moyo upoe." Nikakubali, sababu naijua. Lakini hata chuma cha moto kingekuwa kimeshapoa! Kwako alikuwa mama. Kwangu alikuwa mwanangu, sikuzaa mwingine.

Kila Jumapili nakaa na simu mapajani. Juzi nilitafuta kicheko chake kichwani, sikukipata. Wewe ndiye uliyekirithi.

Washa, mpuuzi wewe.

Ni mimi bibi yako, bado niko hai.