Maharage Kwenye Vumbi

Jumatatu, 16 Agosti 1954
Asubuhi kavu. Moshi upande wa Chonyonyo, wanachoma nyasi. Nimezunguka kibanja, shamba letu la migomba. Migomba ya chini imekunja majani. Nyasi nilizotandaza zimeliwa na mchwa. Hakuna kazi mpaka mvua, na mvua ndiyo anayoingoja shemeji Felisiani. Wazee wa ukoo walishasema: mume wangu Petro amekufa bila kuniachia mtoto, kwa hiyo mvua ikinikuta sina mazao mapya ardhini, nirudi kwetu Nyakasimbi na kibanja kiwe cha Felisiani, mdogo wake. Nikiwa na mazao, hakuna wa kunigusa hadi nivune.

Jumatano, 18 Agosti
Upepo. Felisiani amepita kati ya migomba yangu bila hodi, akiipigapiga mashina kama anayenunua ng'ombe. Kaondoka na jembe langu, eti anaazima. "Shemeji, wewe uliyesoma, mwaka huu panda kalamu." Namchukia.

Ijumaa, 20 Agosti
Jembe hajarudisha. Mbegu zangu zimeliwa na panya. Sisimizi wanahamisha mayai yao kwenda juu ya kichuguu. Mawingu magharibi. Huku hakuna anayepanda kwenye vumbi, kabla ya mvua. Mchwa hula mbegu, watu hucheka.

Jumamosi, 21 Agosti
Mama mkwe amekuja na jembe lake na kibuyu cha mbegu zilizochanganywa na majivu. Hatujasemezana tangu matanga.
"Sijakupenda hata siku moja," amesema. "Lakini Felisiani nimemzaa mwenyewe, namjua. Chimba."
Tumepanda maharage, tukafunika kwa majani makavu ya migomba Felisiani asione. Mama mkwe kaondoka bila kuniaga.

Jumanne, 24 Agosti
Jua kali. Nimefukua mbegu mbili. Moja nzima, moja ganda tupu. Naogopa.

Alhamisi, 26 Agosti
Mvua. Kubwa, mchana kutwa.

Jumatano, 1 Septemba
Felisiani kaja na wazee wawili kuwaonyesha ardhi tupu. Jembe langu begani kwake. Nikasukuma majani makavu kwa mguu. Maharage yameinua vichwa, mstari baada ya mstari. Mzee mmoja akainama, akagusa.
"Amepanda. Twende nyumbani."
Felisiani akauliza nani kanipa mbegu. Nikaendelea kuondoa majani. Atanichukia mpaka kufa. Sawa.

Alhamisi, 2 Septemba
Manyunyu tangu alfajiri. Nimempa mama mkwe shikamoo njiani. Kaitikia bila kugeuka. Kabla maharage hayajaiva nitachomeka mihogo katikati yake, ili nikivuna ardhi isibaki tupu. Udongo umelainika. Nalala saa mbili na nusu.