Mikono Kumi na Miwili Mnadani

S.L.P. 37,
Ikutha,
Kupitia Kitui.
2 Januari 1989

Mpendwa kaka Kiema,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko Magadi? Mama anauliza kama bado unakunywa maji moto asubuhi jinsi alivyokuagiza, na amesimama hapa nyuma yangu mpaka nimeliandika swali hilo. Sisi tu wazima. Mgongo wa Mama unamsumbua siku za kupalilia tu. Mbinya, mdogo wetu, ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kuimba kanisani.

Mvua ya Novemba ilitutosha. Ndengu zimeanza kukomaa, na ukipita shambani mchana unasikia maganda yakipasuka kwa jua. Nilifunga shule nikiwa wa nne katika kidato cha kwanza. Nilitaka kuwa wa tatu, lakini hesabu zilinirudisha nyuma.

Barua yako ilifika, nami nikamsomea Baba yote. Ulimshauri asinunue lori kuukuu kwa kiinua mgongo chake, anunue ng'ombe na apumzike. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie pale ulipouliza habari za afya yake. Nikarudia. Akasema, "Mwandikie kwamba nimesikia." Hakusema kwamba amekubali.

Kaka, naomba usiudhike. Wewe hukumwona Baba mwaka jana. Siku ileile idara ya serikali ilipoliegesha lori alilokuwa akiliendesha ndiyo siku waliyomstaafisha, na tangu hapo alikuwa akiamka alfajiri, anavaa koti lake la kaki, anafunga vifungo vyote, kisha anaketi karibu na lango. Hakuwa na mahali pa kwenda. Mama alikuwa akimpelekea chai palepale, naye akiipokea bila kumtazama. Miaka kumi na minane alipeleka dawa na mahindi ya njaa mpaka Kyuso kwa lori hilo, na alituambia sisi watoto habari za kila mto aliouvuka. Mwaka jana hakutuambia lolote. Niliogopa kwamba tutampoteza akiwa angali ameketi pale.

Ndipo tukasikia kwamba lori litauzwa kwa mnada Kitui mjini. Baba hakuwa na fedha za kutosha peke yake. Kikundi cha Mama cha mwethya, cha kusaidiana kazi, kilikuwa na akiba ya kuuza vyondo na ya kulipwa kuchimba matuta, na wao walitaka gari. Wenye malori huja hapa wakati wa mavuno na debe lao lenye kitako kilichotuna ili limeze zaidi, na ukilalamika wanakuambia ubebe ndengu zako kichwani. Kwa hiyo Mama Syombua, mwenyekiti, alimwendea Baba pale langoni na kumwambia, "Baba Kiema, sisi tuna mizigo na wewe una mikono. Unangoja nini hapa, basi?" Wakakubaliana kununua pamoja. Kikomo chetu kilikuwa shilingi elfu sitini, na hapakuwa na hata senti zaidi.

Siku moja kabla ya mnada watu waliruhusiwa kulikagua. Nilikwenda pamoja na Baba na Mama Syombua. Lori lilikuwa limesimama kwenye majani marefu, magurudumu mawili hayana upepo, na kuku wa mlinzi wametaga ndani ya ile bodi ya bati. Baba aliweka kiganja juu ya boneti.

Alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa pale mjini anayeitwa Bwana Yakub, mwenye malori matatu tayari. Alipojua kwamba Baba ndiye aliyekuwa dereva, akamsogelea.

"Mzee, kama ni wewe, hii gari ungenunua?"

"Mimi nimekuja kuinunua," Baba akajibu.

Watu wakacheka. Bwana Yakub akamwuliza juu ya injini. Kaka, unamjua Baba. Angeweza kunyamaza. Akamwambia kwamba injini ni nzima, ilifunguliwa mara moja tu, na ukiitunza itakwenda miaka kumi. Akamwambia pia kwamba kona ya nyuma ya bodi huvuja mvua ikinyesha, na kwamba mlimani gia ya pili huruka, lazima uishike kwa goti. Mama Syombua alimvuta koti.

"Baba Kiema, umekuja kununua au umekuja kuuza?"

"Ameniuliza," Baba akasema.

"Na ukiulizwa idadi ya mbuzi wako na mwizi, utamhesabia?"

Njiani Mama Syombua alitembea mbele yetu peke yake, na mimi sikujua nimfuate nani.

Siku ya mnada akina mama wote kumi na wawili walikuja, wamejifunga vilemba vyao vya kijani vya kikundi. Dalali alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, anayechanganya Kiingereza na Kiswahili upesi sana, nami nikawekwa katikati ya akina mama niwaelezee kwa Kikamba. Kazi ya kuinua mkono ilikuwa ya Baba.

Bei ilianzia elfu thelathini. Wengine walijitoa mmoja mmoja, wakabaki Baba na Bwana Yakub. Bwana Yakub akafika hamsini na mbili. Baba akasema hamsini na tatu. Dalali akauliza kama kuna wa hamsini na nne, na hapo Baba akageuka kuwatazama akina mama, kwa maana zile hazikuwa fedha zake peke yake, naye alitaka kujua kama bado wako pamoja naye.

Unajua desturi ya mwethya. Hakuna neno linalopita mpaka kila mmoja ainue mkono, ili kesho asiwepo wa kusema hakukubali. Basi Mama Syombua akainua mkono kumwambia Baba aendelee, na wenzake wakafuata.

"Hamsini na nne, mama wa mbele!" dalali akaita. "Hamsini na tano, yule mrefu! Hamsini na sita!"

Akina mama walipoona dalali anawaelekezea kidole wakadhani anahesabu kama wote wamekubali, wakanyoosha mikono zaidi. Mama yetu alisimama kwa vidole vya miguu ili aonekane. Mimi nilikuwa nikitafsiri bei tu, hata nami sikuelewa kwanza. Kisha nikamtafuta Bwana Yakub, nikamwona amekunja mikono kifuani. Hakuna aliyekuwa akishindana nasi. Dalali alikuwa amefika hamsini na tisa.

Nilipiga kelele, kaka, mimi ambaye hata darasani hujibu kwa sauti ndogo. "Shusheni mikono! Shusheni!" Nikaushika mkono wa Mama nikauvuta chini kwa nguvu. Watu wakageuka.

Bwana Yakub akaangua kicheko. "Dalali, hao ni mnunuzi mmoja! Unawauzia wao kwa wao."

Dalali alikasirika, akasema bei iliyotajwa imetajwa. Lakini ofisa wa idara aliyeketi mezani akamwambia mtu hawezi kushindana na mfuko wake mwenyewe, arudi kwa Baba, kwenye hamsini na tatu, aulize upya.

Dalali akamgeukia Bwana Yakub. Angeweza kuendelea, na kama angevuka sitini tungerudi nyumbani mikono mitupu. Sikumtazama yeye, nilimtazama Baba, naye alikuwa anatazama ardhi kama mtu anayeomba.

"Mzee alisema gia inashikwa kwa goti," Bwana Yakub akasema. "Goti langu lina baridi yabisi. Mpe mwenye goti lake."

Nyundo ikapigwa. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuona kumetokea nini.

Siku mbili baadaye, fedha zilipokwisha kulipwa, magurudumu kujazwa upepo na betri kukodishwa, lori lilikataa kuwaka. Akina mama walilisukuma wote kumi na wawili, na likawaka kule karibu na barabara kuu. Tulirudi ndani ya ile bodi tukicheka kuhusu mikono. Walimwambia Kalunde, aliye mdogo wao, kwamba mkono wake ulikuwa ghali kuliko jembe lake. Mama Syombua aliketi mbele na Baba. Kupitia kitundu kidogo cha nyuma ya kiti nilimsikia Baba akimweleza habari za mto Thua, na maji yalivyomzingira mwaka mmoja kwa siku mbili. Alikuwa anazungumza bila kupumzika. Mama alisogeza sikio kwenye kitundu, akaniashiria ninyamaze.

Jana Baba alinipa rangi nyeupe na brashi, kwa kuwa sheria inataka jina la mwenye gari liandikwe mlangoni, naye anauamini mwandiko wangu. Nikamwuliza niandike jina gani. Akasema niandike la kikundi. Akina mama wakasema niandike Musembi. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe niliandika la kikundi na la Baba, moja chini ya jingine. Nilipokuwa nikiandika jina lake alisimama nyuma yangu, akaniambia kwamba katika miaka yote ile gari halikuwahi kumtaja. Herufi M imepinda kidogo. Nilitaka kuifuta, akanizuia.

Kaka, sikuandika haya ili kukushinda. Najua ulimwonea Baba huruma kama mimi. Ninachotumaini ni kwamba Pasaka utapata ruhusa. Baba hajasema, lakini amefuta vumbi kwenye kiti cha pili cha lori.

Nyanya Kasyoka wa Kathonzweni anakusalimu, na Mama Syombua, na Mbinya mwenye pengo. Mama anasema Mungu akutangulie kazini na akurudishe nyumbani na kifua kizima.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Ndinda Musembi